Fundi Aliyetuinulia Gari

Niseme mapema kwamba simpendi, ili msomaji asije akanilaumu mbele ya safari. Watu wakishakufa tuna tabia ya kuwapaka mafuta: marehemu alikuwa mcheshi, marehemu alikuwa mtu wa watu. Fundi alikuwa mcheshi kweli, na mtu wa watu kweli, na nusu ya mji wa Tabora itakuapia hivyo. Mimi niko kwenye nusu nyingine, ingawa nadhani humo nimo peke yangu.

Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Mafundi mjini walikuwa wengi, wa cherehani, wa saa, wa baiskeli, wa masanduku ya bati. Ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yule wa springi, kule Ng'ambo, mwenye uwanja uliojaa magari yaliyopandishwa juu ya magogo. Alikuwa mfupi, mweusi tii, na tumbo dogo gumu lililotangulia mbele ya ovaroli. Alicheka kwa pua. Mdomo haukufunguka, pua ndiyo iliyotoa mlio, na mlio huo ukiusikia ujue kuna mtu amekwisha kuchunwa ngozi.

Kwetu sisi Wanyamwezi alikuwa mtani. Utani wetu na watu wake ulizaliwa njiani, zama za misafara, babu zetu walipoteremka pwani na mizigo mabegani. Babu zake ndio waliowapokea huko, wakawapa maji, wakawazika waliofia ugenini. Watu wakishazikana hawana tena la kuoneana haya. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, akakamata kuku wako, akasema mama yako ana sura ya kima, nawe unacheka. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Nimelelewa na sheria hiyo, nikaitumia vizuri tu, na sikuuona ubaya wake mpaka siku ya Maganga.

Maganga alikuwa mpimaji wa tumbaku wa kijiji chetu cha ujamaa, njia ya Usinge. Mkewe ni Mama Kalunde. Maganga alifia kwenye gari nililoliendesha mimi, na lililoinuliwa na Fundi. Tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, nilichotaka hapa duniani ni neno moja: Fundi asimame mbele ya Mama Kalunde na aseme, bila mzaha, kwamba alijua.

Sasa nimweleze alivyokuwa, maana bila kumjua mtu utaona nilidai kitu kidogo.

Salamu hakuitikia. Ukimwambia "Shikamoo Fundi," alikutazama miguu. "Miguu hiyo bado ina vumbi la Bagamoyo," alisema. "Tua mzigo kwanza, mpagazi, ndipo tuamkiane." Kila Mnyamwezi kwake alikuwa mpagazi. Hata padri mmoja wa kwetu, aliyekuja na gari la misheni limekatika springi, aliitwa mpagazi wa misalaba, na padri akacheka mpaka akashika kiuno. Mwanamke akija na mumewe, Fundi alimwamkia mwanamke peke yake, akamuuliza kwa huruma kama bado anaishi na huyu.

Kazi yake ilikuwa safi, hilo simnyimi. Nati aliziosha kwa mafuta ya taa, moja moja, akazipanga juu ya kipande cha kanga kwa mpangilio uleule zilivyotoka garini. Usingeweza kukanyaga kanga hiyo ukabaki na heshima yako. Siku moja gari la ofisi fulani lilikwisha ondoka, akaona wosha moja imesalia pale juu ya kanga. Wosha, kile kipete cha bati cha chini ya nati, kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati. Alipanda baiskeli kwa jua la saa saba, akalifuata gari hilo mpaka Isikizya, akalala chini yake barabarani, akaitia wosha mahali pake. Kisha akamtukana dereva kwa kukimbia na gari lisilokamilika, kana kwamba dereva ndiye aliyeisahau. Habari hiyo aliisimulia mwenyewe na watu waliipenda. Mimi pia niliipenda wakati ule. Leo nikiikumbuka najiuliza swali moja tu, kwamba mtu aliyefuata wosha mpaka Isikizya alishindwaje kunifuata mimi.

Usemi wake mkuu ulikuwa ule wa mtoto akililia wembe, mpe. Aliusema kama wengine wanavyosema inshallah. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa Puge, mtu wa majivuno, akataka lori lake lipunguzwe mabapa ya springi za nyuma, kwa kuwa lilikuwa linamrusha na kumuumiza mgongo. Fundi alimuuliza mara moja: "Nipunguze?" Mtu akasema punguza. Akapunguza. Wiki haikuisha, lori likalala na shehena ya mpunga katikati ya barabara. Fundi aliposikia alifunga spana zake kwenye kikapu, akadandia gari la kwanza lililopita, akafika pale na kumkuta yule tajiri ameketi juu ya gunia. Alimzunguka mara tatu. Mara ya tatu akamuuliza: "Mgongo haujambo?" Halafu akavua shati na kufanya kazi siku nzima juani, na hakuondoka mpaka lori limesimama. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuacha uanguke, akaja kukucheka, akakuinua. Watu walihesabu kule kuinua, na yale mawili ya kwanza wakayasamehe.

Hata serikali aliichezea, nayo ikamwacha. Walipokuja wakubwa kumwambia mafundi wote wa Ng'ambo waungane, waweke vifaa pamoja, kila mtu alikaa kimya kwa woga. Fundi alinyanyua spana moja. "Ndugu viongozi, mimi nakubali," alisema. "Ila hii ni namba kumi na tisa. Tugawane vipi? Kumi ya kijiji, tisa yangu?" Kiongozi aliyekuwa amekunja uso tangu asubuhi alianza kutikisika mabega. Kikao kiliishia hapo. Mwingine angeitwa kupe na mnyonyaji. Yeye aliitwa Fundi, akaachwa na spana zake.

Mimi nilikuwa dereva wa pikapu ya kijiji. Udereva wakati ule haukuwa kazi ya mchezo. Kijiji kizima kilikuwa na gari moja, na funguo zake zilikaa mfukoni mwangu. Watoto walijua mlio wangu. Wazee waliniamkia wao kwanza, nami nikawaacha waniamkie, Mungu anisamehe. Nilikuwa na kofia ya ngozi na nilikuwa na majibu.

Pikapu hiyo, kama pikapu zote, ilikuwa imetengenezwa nyuma juu kidogo na mbele chini. Ikiwa tupu ilionekana imeinamisha kichwa. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ni jambo mpaka tulipoambiwa kwamba mgeni mkubwa atapita kijijini. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa maonyesho. Aliamuru miti ya barabarani ipakwe chokaa, akaamuru watoto wakate kucha, kisha akasimama mbele ya pikapu, mikono nyuma, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mihambo," aliniita. "Gari hili mbona linainama?"

"Ndivyo lilivyo, Mwenyekiti."

"Gari la kijiji huru haliwezi kumpokea mgeni limeinamisha kichwa kama mtumwa. Lipeleke Tabora likainuliwe mbele, lisimame sawa."

Tulikwenda wanne, mimi na Mwenyekiti mbele, Maganga na mzee mmoja wa kamati nyuma. Fundi alitupokea kama kawaida yake. Alimwambia Maganga kwamba kichwa chake kinafaa kuwekwa kwenye mizani ya tumbaku, kitapata daraja zuri kwa ukavu. Maganga alimjibu kwamba tumbo la Fundi ni robota la tumbaku lililofungwa na mlevi. Wawili hao walipendana. Ukimkuta Maganga mjini na hayuko ghalani, basi yuko Ng'ambo kwa Fundi, wanatukanana.

Mwenyekiti alieleza shida yake. Fundi alilizunguka gari, akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Limeinama kwa sababu linasubiri mzigo," alisema. "Likipakiwa, nyuma hushuka likawa sawa."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa. Hiyo ndiyo mara pekee siku ile, na hakuyasema kwangu. Mwenyekiti akajibu kwamba mgeni hatakuja na mzigo. Atakuja kutazama.

"Niinue?"

"Inua."

"Haya. Mtoto akililia wembe, mpe."

Aliinua. Alipiga jeki, akaweka magogo chini ya fremu, akafungua magurudumu ya mbele. Alikuwa na chuma chakavu kizito, kinene kama tofali, akakikata vipande viwili kwa msumeno, jasho likimtiririka, akavipiga tupa mpaka ukivilaza juu ya kioo havichezi. Vipande hivyo alivipachika kati ya springi na ekseli, kimoja kila upande, akavifunga kwa bolti ndefu alizozipinda mwenyewe motoni. Mpira wa breki alioona umekuwa mfupi akaubadilisha bila kuambiwa. Kila nati aliikaza, akairudia, kisha akaigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Lilipotua chini lilikuwa limesimama sawasawa, pua juu, kifua mbele. Hata mimi lilinipendeza. Wapita njia walisimama kutazama, na uwanja ukajaa watu kama ilivyokuwa kila alipomaliza kazi, maana walijua maneno yanakuja.

Fundi alijifuta mikono, akanigeukia mimi.

"Wewe mpagazi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Babu yako alibeba pembe ya ndovu kichwani na hakuanguka. Wewe umepewa gari. Sasa sikiliza. Siku mtakapolipakia marobota, gari hili litatazama mbinguni liombe dua. Usukani wako utakuwa wa kupungia inzi. Ukifika konani usijisumbue kukata, nyoosha tu, mimi sanda ninayo ndani!"

Watu walicheka. Maganga alicheka kuliko wote, akapiga paja. Nami, kofia yangu kichwani, umati unanitazama uone nitajibu nini, nilijibu nini? Nilijibu: "Hiyo sanda itunze, Fundi. Kwa mashavu hayo utaitumia wewe kabla ya mvua."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Fundi mwenyewe alitoa ule mlio wa pua, akanipiga begani. Nilipanda garini nikijiona nimemshinda. Nilimshinda mbele ya watu, katika uwanja wake, na nilifurahi njia nzima mpaka nyumbani.

Mgeni alikuja. Gari lilikuwa tupu, limeoshwa, limesimama sawa. Watu walipiga makofi na Mwenyekiti alipeana naye mkono mara mbili. Wiki iliyofuata tukapakia tumbaku.

Nilihisi mapema. Hilo ndilo jambo ambalo kwa miaka sikumwambia mtu, na naliandika hapa kwa sababu nimechoka nalo. Tulipotoka tu kijijini, marobota yamejaa nyuma na Maganga amekaa juu yake na daftari lake, usukani ulikuwa mwepesi mno mikononi. Ulizunguka kama mwiko kwenye uji. Boneti ilikuwa imeinuka, naiona mbingu mahali nilipozoea kuona barabara. Nikayakumbuka maneno ya Fundi, yote, mpaka ya inzi. Na unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilitoa kichwa dirishani nikampigia kelele Maganga: "Fundi kasema kweli, gari linaomba dua!" Maganga akanijibu kutoka juu: "Liambie liniombee na mimi!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Kwenye kona iliyo kabla ya daraja, palipo na mchanga mwingi, niliukata usukani wote na gari halikukata. Magurudumu ya mbele yaligeuka, lakini yalikuwa yanaelea tu, hayakushika chini. Tulinyoosha. Tuliingia korongoni tumenyooka, taratibu kabisa, na marobota yakaja mbele na Maganga chini yake.

Mimi nilivunjika mkono. Mkono si kitu.

Msibani kwa Maganga waliimba nyimbo za Kimoraviani, na Mama Kalunde alikaa chini bila kulia. Wanawake walikuwa na wasiwasi naye. Siku mbili hakutoa chozi, hakula, hakujibu. Fundi alifika siku ya maziko, na kwa kuwa ni mtani alikuwa na haki zake. Alipita katikati ya waombolezaji moja kwa moja mpaka kwenye lundo la udongo kando ya kaburi, akaketi juu yake. Akaomba ungo. Wakampa ungo. Akaushika kwa mikono miwili kama usukani, akainua kidevu kutazama juu, akavaa uso wangu.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuuvaa uso wa mwenzake namna ile. Alikuwa mimi, na kofia yangu ambayo hakuwa nayo kichwani. Alipiga honi. Aliamkiwa na wazee, akaitikia kwa ncha ya kidole. Alifika konani, akauzungusha ungo kulia, akauzungusha tena, huku mwili wake ukienda mbele tu, mbele tu, macho mbinguni, na midomo inasema, "Mimi ni dereva, mimi ni dereva." Kisha akajiangusha ubavu kwenye udongo.

Watu walicheka. Msibani, kaburi wazi, walicheka mpaka wakashikana. Mama Kalunde alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, akalia mpaka jioni, na wazee wakasema, "Alhamdulillahi" na "Bwana asifiwe," kila mtu kwa dini yake, kwamba mtani amemwokoa. Labda alimwokoa kweli. Mimi nilikuwa nimeketi pale, mkono umefungwa kwa vijiti, na desturi ilinitaka nicheke. Nilicheka. Mpaka leo nikioga nasikia kile kicheko changu.

Kikao cha kijiji kilikaa baadaye. Fundi aliitwa aeleze kama gari lilikuwa zima. Nilijiambia kwamba hapa sasa hapana utani, hapa ni kikao, pana meza na kitambaa. Nilisimama nikasema gari lilikuwa limeinuliwa mbele, na gari lililoinuliwa hivyo halifai kupakiwa nyuma, nami sikuambiwa. Mwenyekiti alikuwa anatazama kucha zake.

Fundi akasimama. "Nilimwambia," alisema.

"Ulinitania!"

"Nilimwambia gari litatazama mbinguni. Nilimwambia usukani utakuwa wa kupungia inzi. Nilimwambia konani halitakata. Mzee wa kamati huyu hapa, alikuwepo. Nilisema, sikusema?"

Mzee wa kamati alisema ni kweli, alisema. Kisha, maskini, akajikuta anakumbuka na jibu langu la sanda, akalitaja, na watu wawili watatu wakacheka wakaziba midomo. Nani angenisikiliza baada ya hapo? Mtu ameambiwa kila kitu, cha kwanza mpaka cha mwisho, akajibu kwa mzaha, akaenda kumuua mwenzake. Leseni yangu ilichukuliwa. Funguo alipewa mwingine, na vipande vile vya chuma vikafunguliwa kimya kimya.

Kuanzia hapo niliishi kwa mizinga ya nyuki. Nilikwenda porini na kurudi na asali, na kijijini watoto hawakuujua tena mlio wangu, maana nyuki hawana honi. Hakuna aliyenipiga wala kunifukuza. Waliniamkia. Mama Kalunde ndiye aliyekuwa akivuka njia. Akiniona kwa mbali na ndoo yake kichwani, alivuka upande wa pili, polepole, bila hasira. Kwa miaka yote hiyo sikupata kuuona uso wake kwa karibu.

Na Fundi? Fundi alikwenda kwake kila mwezi. Alileta unga, alileta sabuni zilipokuwa adimu, sukari aliipata anakojua mwenyewe. Aliingia akipiga kelele tangu njiani: "Mke wangu yuko wapi? Nimechoka kuchekwa mjini kwamba nimeoa ufito!" Mama Kalunde alitoka anacheka na mwiko mkononi kumfukuza. Mashine ya kusaga ya kijiji ikiharibika, aliitengeneza bila kudai kitu, ili Mama Kalunde asage kwanza. Alimsomesha Kalunde, mtoto wa marehemu. Nasema yote haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kila gunia la unga lililopita mbele ya mlango wangu lilikuwa linanichoma. Yeye alisamehewa kosa ambalo hata hakushtakiwa. Nilimvizia njiani mara moja, nikamshika baiskeli.

"Fundi, niambie kwa uso mkavu. Ulijua?"

Alinitazama miguu. "Asali imekupa mwendo wa dubu," alisema, akakanyaga baiskeli.

Nilimwendea tena na tena kwa miaka, uwanjani kwake, sokoni, hata mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa akiwa na kanzu nyeupe na harufu ya udi. Kila mara nilipata mzaha mpya. Hakurudia hata mmoja, lazima nimsifu kwa hilo.

Mara ya mwisho aliniita yeye. Mtu alikuja porini na baiskeli kuniambia Fundi anaumwa na anataka kuniona. Nilikwenda Jumatano asubuhi. Uwanja ulikuwa umeota majani, magogo yamelala bila magari. Alikuwa ndani, juu ya kitanda cha kamba, na lile tumbo gumu lilikuwa limekwisha, limebaki shimo. Kifua kilipanda na kushuka kwa kazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," aliitikia. "Karibu, ndugu yangu Mihambo."

Niliogopa. Tangu nimjue hakuwahi kunitaja jina, nikaelewa kwamba anakufa kweli.

Nilikaa kwenye kigoda. Alikusanya pumzi, na macho yake yalikuwa usoni mwangu wala si miguuni.

"Nilijua," alisema.

Nilisogeza kigoda karibu.

"Nilijua tangu nilipochuchumaa kulitazama. Nilitaka nikuvute pembeni nikwambie, Mihambo, vyuma hivi ni vya kupokelea mgeni tu, akishapita mnirudishie nivitoe. Maneno nilikuwa nayo mdomoni." Akapumzika. "Lakini watu walikuwa wamejaa. Nikaanza kwa utani ili baadaye niseme. Wakacheka. Na wewe ukajibu vizuri, wakacheka zaidi. Nikapenda walivyocheka. Nikasema nitakufuata kesho yake. Kesho yake nikawa nasimulia watu ulivyonijibu."

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimejenga mambo makubwa kichwani miaka yote, chuki, wivu, hila na Mwenyekiti. Kumbe ni kicheko tu. Alipenda kicheko, nami nilikipenda, na Maganga alikipenda kutuzidi sote.

"Mlete Mama Kalunde," alisema. "Nimwambie mwenyewe, kama nilivyokwambia. Anione sicheki." Aliutoa mkono kwenye shuka, mkono uliokuwa ukigonga nati na kuzisikiliza, ukatafuta wangu. "Lakini kwanza wewe. Nisamehe, ndugu yangu."

Nilichokitaka miaka yote kilikuwa mbele yangu, na kilikuwa chote. Ningeweza kuushika ule mkono. Ndani yangu, naapa, nilikuwa nimekwisha kumsamehe, kifua kilikuwa kimelegea. Lakini nilimwona vile alivyo, amelala, ananisubiri mimi, macho yake yananing'ang'ania usoni kama mimi nilivyokuwa nikimng'ang'ania kwenye baiskeli. Nikaona acha naye aonje. Siku mbili tatu tu, aonje.

"Nimekusamehe, mtani," nilimwambia kwa sauti ya uwanjani. "Ila huko uendako Maganga yuko mlangoni na mizani yake. Kwa ulivyokauka, hata daraja la majani ya chini hupati!"

Pua yake ilijaribu ule mlio wake. Haukutoka. Alinitazama, akasubiri niendelee.

"Mihambo," alisema. "Umenisamehe kweli, au unanitania?"

Nilicheka, nikavaa kofia yangu, nikatoka. Nilikuwa nimepanga kumleta Mama Kalunde Jumamosi. Walimzika Ijumaa.